Jaketi la Mchina

"Vua hilo jaketi," Lennox akasema, hata salamu hajatoa.

Zilpah alikuwa amesimama kando ya gari la kazi, mikanda ya kupandia mnara imemning'inia mabegani, mkononi kikombe cha chai ya maziwa aliyoibeba kwenye flaski kutoka nyumbani kwake Ladywood. Alimtazama Lennox toka juu hadi chini, kisha akapiga funda jingine bila haraka.

"Na wewe pia habari ya asubuhi, Mwalimu."

"Mama Cheryl, sitanii. Leo bosi Rupesh atapita hapa. Akiyaona hayo maandishi mgongoni mwako nitamwambia nini?"

Maandishi yenyewe yalikuwa makubwa na meupe, ya Kichina, juu ya kitambaa cha buluu kilichopauka kwa jua la Marsabit. Ni jina la kampuni. Na kampuni hiyo, jamani, ndiyo ile ile ambayo serikali ya Uingereza ilikuwa imeamuru mitambo yake ya 5G ing'olewe kwenye minara ya nchi nzima. Kung'oa huko ndiko kulikowapa kazi wote watatu: Zilpah aliyekuwa akipanda, Lennox aliyekuwa msimamizi wa kikosi, na Ishaka, Mkongo wa Bukavu, aliyeendesha winchi huku akiimba nyimbo za kwaya. Lennox aliona kwamba kuvaa jina lile kazini ni sawa na kwenda matangani umevaa gauni la harusi. Zilpah aliona kwamba Birmingham ina baridi, jaketi lina joto, na asiyelipenda aangalie upande mwingine.

"Mwambie ni jaketi," akasema. "Lina zipu na mifuko miwili."

Lennox akageuka kuhakikisha Ishaka hasikii, akashusha sauti. "Langu nililichoma moto Nairobi kabla sijapanda ndege."

"Basi wewe ulikuwa na kiberiti. Mimi nilikuwa na akili."

Akavaa kizibao chake cha rangi ya machungwa juu ya jaketi, maandishi yakafichika, akapanda juu. Huyo ndiye Zilpah. Ukimwambia kaa, atakuuliza kiti kiko wapi. Ukimwambia simama, atakaa.

Sasa acheni niwaeleze hili la Mwalimu, maana bila hilo hamtaelewa hasira iliyokuja baadaye. Lennox hakuwahi kufundisha hata chekechea. Alipoomba kazi kwenye kampuni hii ya minara aliandika kwamba huko Kenya alikuwa mwalimu wa hesabu, Kakamega. Hesabu! Lennox, ambaye alikuwa akihesabu boliti kwa vidole na bado inabaki moja isiyo na kwao! Wazungu wakaamini, wakambandika jina la Mwalimu, likamganda. Ukweli ni kwamba Lennox na Zilpah walikuwa kikosi kimoja, kamba moja, chini ya Wachina, wakisimamisha minara ya simu kaskazini mwa Kenya. Marsabit, Samburu, Wajir, mahali ambapo mbuzi akipiga chafya unajua ni wa nani.

Zilpah aliingia huko na diploma yake ya umeme baada ya kukataliwa kila ofisi Nairobi. Msichana wa Nyamira apande mnara? Walimcheka. Aliyemchukua ni msimamizi mmoja Mchina, Bwana Guo, mwembamba, mkali, mwenye kikohozi cha sigara. Guo hakumwangalia kama ni mwanamke au mwanamume. Alimwangalia uzito, akasema mwepesi ni mzuri, kesho uje. Wakisii kwenye kikosi wakampa Guo jina la Omogaka, yaani mzee, naye akaliitikia mpaka siku aliyoondoka.

Msidhani Wachina walikuwa malaika. Waliwafanyisha kazi kama punda wa kisima. Wali wao ulikuwa hauna chumvi, na ukiugua unaulizwa utapona saa ngapi. Zilpah aliwatukana kwa Kikisii kila Jumamosi. Lakini walimfundisha kazi. Na alikuwepo, kwa macho yake, wakati dunia inageuka. Alipoanza, mtu akitoa simu ya Mchina mfukoni, ile yenye laini mbili, tochi, na spika za kuamsha kijiji, watu walishika mbavu. "Hiyo itakufa kabla hujamaliza kuongea!" Wakacheka, wakacheka, na Wachina hawakujibu, walikuwa kazini. Siku moja Zilpah akatazama huku na huku, akakuta simu ni za Mchina, minara ni ya Mchina, sola juu ya paa la mama yake ni ya Mchina, na wale waliokuwa wakicheka wanapigiana simu kwa vitu hivyo hivyo. Hakuna aliyekumbuka kuomba radhi.

Kitu kimoja Guo alikikataa katakata, nacho ni kuhesabu kwa Kiswahili wakati wa kuvuta mzigo. Kwenye kamba ile kulikuwa na Mjaluo, Mluhya, Mkisii, Mrendille, na kila mmoja alikuwa na mdundo wake wa kwao. Mmoja anavuta kwenye mbili, mwenzake kwenye tatu, mwingine anangoja tatu iishe kwanza. Mzigo nusura umwangukie mtu. Guo akatupa sigara chini, akasema kuanzia leo kamba itahesabiwa kwa lugha ambayo hakuna kati yenu aliyenyonya kwa mama yake. *Yi, er, san, la!* Moja, mbili, tatu, vuta! Hakuna kuvuta kabla ya *la*. Wakaimba hivyo mchana kutwa, mwaka baada ya mwaka, mpaka wakawa wanaota kwa mdundo ule.

Haya, turudi Birmingham.

Mkataba wa Zilpah ulikuwa wa kung'oa tu. Mitambo ikiisha, na yeye ameisha. Atarudi kwenye ile kazi aliyoanza nayo alipofika, ya kuwageuza wazee kitandani. Kazi ya heshima, hakatai, lakini mgongo ulikuwa umeshakataa. Ndipo ikatangazwa nafasi moja ya kudumu: msimamizi wa kikosi kipya, cha kujenga. Kujenga, si kubomoa! Zilpah aliposoma tangazo lile alihisi mikono inawasha. Miaka mitatu alikuwa akishusha chini vitu ambavyo watu kama yeye walivipandisha. Alitaka kabla ya kuzeeka asimamishe tena mnara, awashe, aone mtu huko chini anaitoa simu mfukoni na kushangaa imepata mtandao.

"Nipe CV yako niinyooshe," Lennox akamwambia. "Kiingereza chako cha kuandika kina mawe. Na mimi nitakuwa kwenye kile chumba cha intavyu, nitakutetea."

Zilpah akampa, naye akaipeleka bila kumrudishia aisome. Hapo ndipo alipokosea, na alijilaumu sana baadaye, maana fisi hapewi nyama amlindie mtu.

Siku ya intavyu akashuka treni Selly Oak, amevaa suti ya kanisani, jaketi la buluu amelikunja kwenye begi kwa sababu mvua haikuaminika. Chumbani kulikuwa na watu watatu. Lennox, kwenye pembe, ameshika chupa ya maji. Mama mmoja wa Kizungu kutoka kampuni ya simu iliyowapa kazi, nadhifu, sauti ya chini. Na Rupesh mwenyewe, bosi wa eneo lote, mzaliwa wa hapa hapa Great Barr lakini wazazi wake walitoka Kisumu. Rupesh hakujua Kiswahili ila vile vipande alivyoachiwa na bibi yake, naye alipenda kuvionyesha.

"Karibu, mama," akasema. "Keti, keti." Kisha akarudi kwenye Kiingereza chake.

Maswali ya kazi yalikwenda vizuri. Yule mama akageuza ukurasa, akatabasamu.

"Kinachonivutia ni hiki. Miaka minane Kenya ulikuwa mama wa nyumbani, unamlea mtoto. Kisha umefika hapa na kujifunza kupanda minara haraka hivi. Hongera sana."

Zilpah alidhani hakusikia vizuri. Akamtazama Lennox. Lennox alikuwa akibandua karatasi ya chupa ya maji kwa ukucha, kipande kwa kipande, macho mezani.

Asante. Neno moja tu lingetosha. Angesema asante, atabasamu, atoke na kazi yake mkononi. Kila mtu chumbani alikuwa tayari kumpa. Zilpah alilifungulia neno hilo mdomo, nalo likakataa kutoka.

"Sikuwa mama wa nyumbani," akasema. "Nilikuwa juu ya mnara." Akaitaja kampuni kwa jina lake kamili. Tena, ili wasiseme hawakusikia, akafungua begi, akatoa jaketi, akalitandaza mezani, maandishi juu.

Chumba kikapoa. Yule mama akaweka kalamu chini. "Unafahamu ni mitambo ya nani tunayoiondoa?"

"Nitakosaje kufahamu? Mimi ndiye ninayeiondoa."

"Basi unaelewa kwamba kwa nafasi hii mtu lazima apigwe msasa wa usalama, historia yake yote ichunguzwe."

"Nipigeni. Sibishani na sheria zenu. Mmesema mitambo itoke, naitoa, na hakuna boliti niliyoisahau. Nchi ni yenu, minara ni yenu. Lakini miaka ile ni yangu. Nililala kwenye hema, nimeumwa na nge, nimejifunza kazi ambayo hakuna mwingine aliyetaka kunifundisha. Mitambo mtaing'oa. Mimi hamning'oi."

"Hakuna aliyetaka kukung'oa," Rupesh akasema polepole.

"Bosi, droni mnayotumia kukagua minara imetoka wapi? Na wewe mama, lile gari la umeme ulilokuja nalo, nimeliona nje, limetengenezwa wapi? Wachina mmewaweka mfukoni, mmewaweka barabarani, na sisemi ni vibaya. Ila kwenye maisha ya Zilpah ndipo hawatakiwi kuonekana?"

Yule mama aliona haya kidogo, lakini hakuwa mjinga. "Hilo ni suala lingine. Na hatukukuomba ufiche chochote. Kwa nini karatasi yako inasema mama wa nyumbani?"

Swali la haki kabisa. Zilpah angenyoosha kidole tu pembeni, mambo yakaisha. Ukucha wa Lennox uliacha kubandua.

"Karatasi ina jina langu," Zilpah akasema. "Nitaibeba."

"Kuna mtu hapa nchini anayeweza kuthibitisha kwamba ulifanya kazi hiyo, wapi, na kazi gani hasa? Bila hivyo sina cha kuwapelekea wanaochunguza."

"Yupo."

"Ni nani?"

"Hilo ni lake kulisema."

Wakangoja. Saa ya ukutani ilisikika, gari la wagonjwa likapita nje kuelekea hospitali, na Lennox akanywa maji. Mwishowe Rupesh akakohoa, akasema samahani sana, wasipopata uthibitisho wiki ijayo nafasi itakwenda kwa mwingine.

Lennox alimkimbilia mpaka ngazi za stesheni.

"Nilikuwa nakusaidia!"

"Ulinizika, Lennox. Tena mzima mzima."

"Wangekukataa! Mimi nilifanya hivyo hivyo na leo niko wapi? Nina nyumba, nina watoto shuleni. Nikifungua mdomo sasa, watauliza na mengine niliyodanganya. Unataka nirudi wapi?"

"Sitaki urudi popote. Kaa juu ya uongo wako kama umekuzoea. Lakini ulipochukua kalamu ukafuta miaka yangu, uliniuliza?"

"Ni karatasi tu, Mama Cheryl."

"Ningekuwa karibu na maji ningekumwagia," Zilpah akasema, akaingia kwenye treni.

Nyumbani, Cheryl alikuwa mezani na vitabu vyake vya mtihani. Kumi na tano, mrefu kumshinda mama yake, na Kiswahili anakielewa chote lakini hujibu kwa Kiingereza, kama watoto wenzake wa hapa. Zilpah akamsimulia huku akikata sukuma wiki kwa hasira, kisu kikigonga ubao.

"Mum, who cares?" Cheryl akasema. Na kwa Kiingereza hicho hicho akaendelea: ungekubali tu, wangekupa kazi, ni nani angejua kama ulikuwa nyumbani au hukuwa?

Kisu kikasimama.

"Wewe ungejua," Zilpah akasema. "Unakumbuka nilipokuja kukuchukua kwa bibi yako? Ulijificha nyuma ya jiko. Ulimwambia bibi, huyu mwanamke aondoke. Nilikaa uani mpaka giza likaingia, nikilia. Nilikukosa, Cheryl. Hukuanza kutembea mbele yangu, hukuanza kusema mbele yangu. Yote hayo niliyatoa nikawa juu ya minara ya watu. Leo niketi kwenye kiti nihongerewe kwamba miaka ile nilikuwa nyumbani nikikulea? Hata nikifa sitasema hivyo."

Cheryl akafunga kitabu. Kisha akasema, na mara hii kwa Kiswahili chake cha kujikwaa, "Bibi alikuwa ananionyesha mnara. Wa Nyamira, kule juu. Anasema, mama yako yuko hapo juu, mpungie mkono."

"Wa Nyamira sikuujenga mimi."

"Nilipunga kila siku," Cheryl akasema.

Wiki ikaanza kwisha bila Lennox kusema kitu. Kwenye gari walikaa kama wageni wawili kwenye basi, Ishaka katikati akijaribu kuwapatanisha kwa biskuti. Alhamisi wakapewa mnara wa Great Barr, karibu kabisa na barabara kuu ya M6, ambako magari yanavuma kutwa na upepo haujui adabu. Rupesh akaja mwenyewe kuangalia, maana nyumbani kwake ni karibu. Akavaa helmeti yenye redio, akasimama chini pamoja na Lennox na Ishaka.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Zilpah yuko juu, amejifunga kwenye chuma. Anafungua sanduku la mtambo, linaning'inia kwenye kamba ya winchi, na Ishaka analishusha taratibu. Lennox chini anashika kamba nyingine, ya mkia, ya kulizuia sanduku lisibembee. Sanduku ni zito kama mtu mzima.

Lilikuwa limeshaachia mnara upepo ulipokuja. Likabembea nje, mbali, likasimama hewani kidogo kama linafikiri, likaanza kurudi. Lilikuwa linarudi moja kwa moja kwenye miguu ya Zilpah. Zilpah angeweza kulisukuma kwa buti, lakini kwa sharti kwamba mkia uvutwe wakati huo huo. Mmoja akiwahi, au akichelewa, mguu umevunjika. Hakupata hata nafasi ya kufungua mdomo. Alisikia sauti ya Lennox ikipasua redio.

"*Yi! Er! San! LA!*"

Buti la Zilpah likasukuma. Kamba ya Lennox ikavuta. Sanduku likapinda pembeni, likapita hatua moja tu kutoka gotini, likatulia. Ishaka akalishusha mpaka nyasini, halafu akaangua kicheko cha mtu aliyeogopa sana.

"Eh, Mwalimu! *Mon Dieu!* Hiyo ni hesabu ya shule gani?"

Juu kule Zilpah alikuwa amekumbatia chuma. Redio ilikuwa wazi, akasikia kila kitu.

"Ni lugha gani hiyo?" Rupesh akauliza.

Hapo Lennox, kwa hofu, akasema jambo ambalo mtu mwenye akili zake timamu asingemwambia mtoto wa watu wa Kisumu.

"Kiswahili tu, bosi. Tulikuwa tunahesabu."

Kisha sauti ya Rupesh, ya upole kabisa. "Lennox, bibi yangu alinifundisha kupanda ngazi nyumbani kwetu. Moja, mbili, tatu, kila siku, mpaka alipofariki. Hicho si Kiswahili."

Zilpah alimwona Lennox huko chini, kofia nyeupe imeinama, mikono bado kwenye kamba. Alimwonea huruma, nisiseme uongo. Ni mtu aliyewahi kugawana naye kopo moja la maharagwe mvua ikinyesha Wajir. Lakini huruma haikutosha kumfanya amwokoe tena. Kwenye mnara kulikuwa kumebaki sanduku moja. Akalifunga kwenye kamba ya winchi, akakaza, akabonyeza redio.

"La mwisho liko tayari. Upepo bado upo. Nahesabu mimi, Lennox, na wewe unaitikia kama tulivyofundishwa. *Yi.*"

Redio ikakoroma tu.

"Mama Cheryl, tafadhali," Lennox akasema kwa Kiswahili. "Hesabu kwa Kiingereza."

"Sihesabu kwa Kiingereza. Mguu ni wangu. *Yi.*"

"Bosi anasikiliza."

"Na asikilize! Nitakaa hapa mpaka magari yote ya M6 yafike kwao. Sifungui hii boliti mpaka nijue aliyeshika mkia wangu ni nani. Simtaki mwalimu wa Kakamega, simjui. *Yi!*"

Ishaka aliacha kutafuna biskuti yake. Rupesh hakusogea. Upepo ukapiga vyuma, vikalia.

"*Er*," Lennox akasema. Ilitoka ndogo, kama ya mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

"Sikusikii!"

"*ER!*"

"*San!*"

"*La!*" wakapiga pamoja, na sanduku likaachia, likashuka kwa adabu zake zote, halikugusa hata rangi ya mnara.

Zilpah alipofika chini alimkuta Lennox amevua helmeti, jasho linamtiririka na baridi ile. Alikuwa ameshaanza kusema na hakungoja aulizwe. Marsabit, akasema. Samburu, Wajir. Kamba moja na huyu mama, msimamizi mmoja, Guo. Ualimu hakuna. CV ya huyu mama niliifuta mimi, yeye hakujua, na siku ile chumbani mtu aliyekuwa akingojewa ni mimi.

"Uliketi pale ukabandua karatasi ya chupa," Rupesh akasema.

"Niliketi," Lennox akajibu.

Rupesh hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alisema atawaandikia wale wa kampuni ya simu leo hii kile alichokisikia kwa masikio yake. Akamwambia Lennox kwamba kufanya kazi kwa Wachina hakukuwa kosa hata siku moja; kosa ni kuidanganya kampuni hii, na msimamizi aliyeidanganya hawezi kubaki msimamizi. Akienda kupigwa msasa upya, na akisema kweli, nafasi ya kushika kamba ataipata. Lennox akaitikia kwa kichwa. Zilpah alitaka kufurahi akashindwa. Akamimina chai kwenye kifuniko cha flaski, akampa Lennox bila kusema kitu.

Majibu yalichelewa mpaka Zilpah akaanza kuuliza tena habari za kazi ya wazee. Yule mama wa kampuni ya simu alimpigia mwenyewe. Maswali yalikuwa mengi, akasema, na mengine hayakuwa ya adabu, lakini umejibu yote. Kikosi ni chako. Zilpah akashukuru kwa utulivu mkubwa, akakata simu, kisha akapiga kigelegele cha Kikisii ambacho jirani wa ghorofa ya chini aligonga dari kukilalamikia. Cheryl akagonga sakafu kumjibu.

Asubuhi ya kwanza ilikuwa uwanja mtupu, matope, vyuma vipya vimelazwa chini vinangoja kusimamishwa. Zilpah alifika mapema, jaketi la buluu mwilini, kizibao cha machungwa bado mkononi. Ishaka alikuwa ameshafunga winchi na yuko kwenye ubeti wa tatu. Lennox alichelewa. Walipoona gari lake linaingia, Ishaka akaacha kuimba.

Lennox alishuka. Alikuwa amevaa jaketi la buluu, limepauka, maandishi meupe mgongoni, mkono mmoja wa jaketi umeungua na sigara ya Guo mahali Zilpah alipopakumbuka vizuri. Tumbo la Birmingham lilikuwa limeikataa zipu, ikaishia kitovuni.

"Ulisema ulilichoma," Zilpah akasema.

"Nilisema."

"Lilikuwa wapi?"

"Chini ya sanduku la nguo za Krismasi. Mke wangu anadhani ni la fundi bomba."

Ishaka akacheka mpaka akashika winchi. Zilpah hakucheka. Wakati huo huo gari jingine likaingia langoni polepole, likiepa matope. Ni Rupesh, na kando yake yule mama wa kampuni ya simu, wamekuja kuona mnara wa kwanza ukisimama. Lennox aliwaona. Vidole vyake vikaenda vyenyewe kwenye zipu.

"Usilivue," Zilpah akasema, akamrushia kamba.